Zege au faiba? Bwawa la nyumbani huamuliwa na maji ya chini

Mwenye nyumba anayetaka bwawa la kuogelea kwa kawaida humwendea fundi na picha kwenye simu: umbo la figo, vigae vya bluu, taa za chini ya maji. Aina ya bwawa, zege au faiba (ganda la plastiki lililoimarishwa kwa nyuzi za kioo), huchaguliwa hapo hapo, kwa picha na kwa bei. Kwa viwanja vya Dar es Salaam na pwani kwa jumla huo ni mwanzo mbaya, maana mwamuzi mkuu ni maji yaliyo ardhini.

Tuchukue bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4. Linameza lita 45,000 hivi, yaani maboza manne na nusu ya lita 10,000. Likijaa halisumbui, kwa kuwa uzito wa maji ya ndani unalikalisha chini. Balaa huja siku linapokaushwa. Sakafu yake, ukijumlisha unene wa kuta, ina mita za mraba 37. Maji ya ardhini yakipanda mita 1 juu ya uvungu wa sakafu, yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 37. Bwawa la zege lenye sakafu na kuta za sentimita 20 lina tani 34 hivi. Ganda la faiba la ukubwa huo halifiki tani 2. Faiba basi huanza kuelea maji yakipanda sentimita chache tu, na zege nalo, ambalo wengi huamini haling'oki, lina kikomo chake.

Kwa hiyo chimba kwanza shimo la majaribio la mita 2.5 mwezi wa Aprili au Mei, masika ikiwa imekolea. Lifunike mvua isiingie, liache siku mbili tatu, kisha pima maji yamesimama wapi. Karibu na bahari pima wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kwa sababu kwenye miamba ya matumbawe maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari. (Palipoitwa Bonde la Mpunga, kama pale Msasani, jina lenyewe linatosha kuwa ripoti ya udongo.) Ukiyakuta maji juu ya kina cha sakafu, aina yoyote utakayochagua itahitaji valvu ya kupunguza shinikizo kwenye tundu la chini, pamoja na bomba la wima la inchi 6 pembeni, lenye kokoto chini yake, la kuchungulia na kunyonya maji kabla ya kukausha bwawa. Wakati wa masika usilikaushe kabisa.

Sasa mvutano wenyewe. Anayetetea faiba ana hoja nzito. Ganda huja kipande kimoja, halina kiungio cha sakafu na ukuta, na hapo ndipo mabwawa mengi ya zege huvuja. Uso wake ni laini, mwani haushiki kirahisi. Halitoi chokaa, kwa hiyo pH (kipimo cha asidi ya maji) haipandi ovyo na asidi hutumika kidogo. Plasta mpya ya saruji huidai asidi mara kwa mara katika wiki zake za kwanza. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Athi River na Kitengela nchini Kenya, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, faiba hupinda kidogo mahali ambapo zege lingepasuka.

Lakini ganda hilo litafikaje uani? Kontena la futi 40 lina upana wa ndani wa mita 2.35. Ganda la upana wa mita 4 haliingii likiwa limelala, kwa hiyo husafirishwa kwa namna ya pekee, kisha hupandishwa lori na kuvushwa ukuta kwa kreni. Uchochoro mwembamba na nyaya za umeme zilizoning'inia vinatosha kuimaliza hoja yote. Likishafika, kosa kubwa ni kujaza pembeni. Mchanga wa kokoto ndogo na maji ya ndani vinapaswa kupanda pamoja, sentimita 20 hadi 30 kwa awamu. Ukitangulia mchanga, kuta huingia ndani. Yakitangulia maji, hutokeza nje. Chini yake pia patandikwe mchanga wa sentimita 10, hasa kwenye matumbawe, ambako ncha moja ya jiwe hulisumbua ganda mpaka litoe ufa.

Zege lina faida ambayo haipigiwi kelele: vifaa vyote viko hapa, na likiharibika fundi yupo. Linakubali umbo lolote na linafuata mwamba ulivyo, iwe Masaki ya Dar es Salaam au Nyali ya Mombasa. Udhaifu wake ni kazi ya mikono. Mchanga wa baharini usiooshwa una chumvi inayoila nondo kutoka ndani. Zege lisiloshindiliwa kwa vaibreta (mashine ya kulitikisa likiwa bichi) hubaki na vijitundu. Sakafu ikimwagwa leo na ukuta wiki ijayo bila mkanda wa mpira wa kuzuia maji kwenye kiungio, umejijengea uvujaji. Vivyo hivyo kwa mabomba yaliyopenyezwa baada ya ukuta kukauka, tundu likazibwa kwa saruji tupu. Kuta za matofali ni nafuu, lakini bila nondo za wima na matundu kujazwa zege, hizo ni kuta za uzio zilizowekewa maji.

Ipo aina ya tatu: turubai la vinili linalotandikwa ndani ya bwawa. Ni rahisi kununua, ila jua, mizizi na kucha za mbwa hulimaliza mapema, na si kila mji una mtu wa kulitengeneza upya kwa kipimo.

Kwenye gharama za kila mwezi tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Pampu ya kilowati 0.75 ikizunguka saa 8 hula uniti 6 kwa siku, iwe faiba au zege. Maji yanayopotea kwa jua, milimita 5 kwa siku, ni lita 160.

Hukumu yetu: pwani, kwa kiwanja kilichobanwa na majirani, zege, mradi msimamizi awepo siku ya kumwaga. Faiba ichukuliwe pale penye udongo wa mbuga na njia pana ya lori. Na ukichagua zege, andika kwenye mkataba kwamba vigae havibandikwi mpaka bwawa limekomaa siku 28, likajazwa, likakaa siku 7. Weka ndoo ya maji juu ya ngazi ya bwawa, maji ya ndani ya ndoo yalingane na ya bwawa. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, fundi arudi kwenye kiungio na mabomba kabla hajalipwa awamu ya mwisho.