Barua ya kupandisha kodi isikuhamishe kabla hujaisoma

Barua niliikuta imesukumwa chini ya mlango wangu hapa Katubuka, mjini Kigoma, mistari mitatu tu. Kodi ya chumba na sebule inapanda kutoka shilingi 70,000 hadi 100,000 "kuanzia mwezi huu". Haikuwa na tarehe. Aliyesaini ni mtoto mkubwa wa marehemu mwenye nyumba. Na mwezi wenyewe ulikuwa wa tatu katika miezi sita niliyokwisha kuilipia.

Jioni ileile majirani zangu wawili walianza kuulizia vyumba Gungu. Jambo hili linaniumiza. Wapangaji wa mji huu tukiletewa karatasi na mwenye nyumba tunaipokea kama hukumu, tunafungasha vyombo bila hata kuuliza kama karatasi yenyewe ina nguvu.

Nianze na lililo chungu, ili nisimdanganye mtu. Tanzania Bara hatuna sheria inayompangia mwenye nyumba kiwango cha kodi. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo ukienda kulalamika kwamba laki moja ni nyingi mno kwa vyumba viwili vya Katubuka, utasikilizwa kwa huruma na utarudi ulivyokwenda. Tena tangu mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma usainiwe Desemba 2022, wenye nyumba wengi ninaozungumza nao wanasubiri wageni wenye mishahara. Kodi zitapanda. Mwenye nyumba anayo haki ya kupandisha.

Haki asiyokuwa nayo ni ya kupandisha siku yoyote inayompendeza. Miezi niliyoilipia tulikwisha kuikubaliana bei, na makubaliano ya watu wawili hayabadilishwi na mmoja peke yake, hata kama yalifanywa kwa mdomo barazani. Kama mpangaji hakubali bei mpya, njia iliyobaki ni kuumaliza upangaji wa zamani, na hapo ndipo Sheria ya Ardhi ya 1999 inapoingia. Upangaji usio na mwisho uliotajwa unahesabiwa kwa kipindi ambacho kodi inalipwa, na notisi ya kuumaliza haitakiwi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Anayelipa mwezi kwa mwezi ana mwezi wake. Mimi nalipa miezi sita sita, na hiyo ndiyo hoja niliyoishika.

Lakini kasoro iliyonipa kazi zaidi ilikuwa sahihi iliyokuwa chini ya barua. Nyumba nyingi za Ujiji na Mwanga ni za wazee, na wazee wanaondoka. Arobaini haijafika, watoto wameshaanza kupita milangoni kwa zamu, huyu anataka kodi aletewe yeye, yule anasema ukimpa kaka yangu imekula kwako. Wiki mbili baada ya ile barua, mdogo wa aliyesaini alinipigia simu akidai kodi ijayo itumwe kwake, kwa bei ya zamani! Sasa ni nani mwenye nyumba hapo?

Jibu halitoki kwenye umri wala kwenye sauti kubwa. Mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za kwetu hiyo huwa Mahakama ya Mwanzo. Mtoto asiye na barua ya usimamizi ni mrithi mtarajiwa, na mrithi mtarajiwa hana mamlaka ya kunipandishia kodi. Nawaomba wapangaji wenzangu, muulizeni barua hiyo kwa heshima, na mpeni pole ya msiba kwanza. Mimi nilisema, "Kaka, siwakatalii. Nionyesheni aliyeteuliwa, nimpe kodi yake mkononi na anisainie."

Niliandika jibu la ukurasa mmoja, nakala mbili, nikaambatanisha kivuli cha risiti yangu ya miezi sita. Mwenyekiti wa mtaa alizigonga muhuri zote mbili na tarehe, moja nikabaki nayo. Mazungumzo yote ya simu niliyafuatishia ujumbe mfupi ili yabaki kwa maandishi. Kodi ya kipindi kinachofuata niliiweka kando kwa bei ya zamani, na biashara ya dagaa Kibirizi ilipoyumba sikuigusa. Hapa wengi tunajiharibia: barua ikiwa batili tunagoma kulipa kabisa, na tukishagoma, mwenye nyumba anapata kosa la kweli la kutushtaki nalo.

Wakikufungia mlango kwa kufuli au kutoa vyombo nje, usipigane. Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunahitaji amri ya chombo cha sheria, kwa hiyo waite mwenyekiti na majirani washuhudie, kisha nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kwamba limeshindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Asiye na pesa ya wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure.

Mimi sikufika huko. Mwezi wa tano alikuja dada yao, mtu niliyekuwa sijawahi kumwona, na barua ya usimamizi mkononi. Tulikaa barazani na mwenyekiti. Alitaka laki, nikamwonyesha bomba la maji nililolitengeneza kwa pesa yangu, tukaishia 85,000 kuanzia kipindi kipya, na safari hii tumeandikiana. Mmoja wa wale majirani alishahamia Gungu. Analipa 90,000, na alimlipa dalali kodi ya mwezi mzima juu yake.