Shikamoo Kutoka Juu ya Dungu

Miaka niliyopika katika kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa Liwale ilinipatia mshahara mdogo na maarifa mengi ambayo sikuwa nimeyaomba. Mgeni mmoja kutoka Alabama, kila alipomaliza supu, alinisimulia jinsi anavyolima kwao kwa ajili ya kulungu, wale wenye mkia mweupe ambao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Katika ardhi yake mwenyewe hupima udongo, huutia chokaa, kisha hupanda kunde kandokando ya msitu, katika kiwanja kirefu na chembamba ili mnyama asiogope kutoka mafichoni, na msimu wa kuwinda ukifunguliwa huketi akimsubiri aliyemlisha. Nilistaajabu kwamba kunde, mboga yetu sisi, imevuka bahari ikawe chambo.

Hapa wanyamapori ni mali ya umma, nami sikuwa na haja ya bunduki. Haja yangu ilikuwa kunde zangu za bondeni, ambazo mbawala alizimaliza misimu miwili mfululizo. Nikawaza kwamba nikimtengea kiwanja chake karibu na kichaka, atashiba hukohuko. Mgeni alikuwa amenionya kuwa kiwanja kisipungue nusu eka, maana kidogo humalizwa kabla miche haijapata nguvu, lakini mimi nilikuwa na robo eka tu kando ya mikorosho, na jembe langu ni la mkono. Nikapanda. Katikati nikasimamisha kizimba cha waya, kama alivyonielekeza, ili nilinganishe kunde zilizokingwa na zile zilizoachwa wazi.

Baada ya wiki chache, kunde za ndani zilifika gotini, na za nje zilibaki vijiti. Nilimwita mke wangu ashuhudie. Alitazama, akacheka kidogo, akasema ameacha ugali jikoni.

Nikachuchumaa peke yangu nikivichunguza vile vijiti. Mbawala hana meno ya mbele ya juu. Huvuta na kurarua, akaacha kikonyo chenye nyuzinyuzi. Hivi vilikuwa vimekatwa safi, kwa ukucha, na yaliyochumwa yalikuwa majani machanga matupu. Pembeni, kwenye mchanga, palikuwa na alama ya kandambili.

Jioni hiyohiyo nilipanda kwenye dungu nikiwa na bonge la udongo mkononi. Jua lilipozama, majani yakatikisika, nikarusha.

"Jamani, mnaniua!"

Sauti niliijua. Bonge lilikuwa limetua katikati ya kikapu cha mama mkwe.

Kwetu mtu hamkazii macho mkwewe, sembuse kumrushia udongo. Sikuwa na pa kujificha zaidi ya palepale nilipojificha, kwa hiyo nikafanya jambo pekee lililobaki.

"Shikamoo, mama," nilisema kutoka juu, na kumwamkia mkwe ukiwa juu ya kichwa chake nadhani ni kosa la pili.

"Marahaba, baba," aliitikia, huku akikung'uta majani moja moja. "Unalinda nini?"

Nikamweleza habari za mbawala, za kizimba na za Alabama, na katika kujieleza, Mungu anisamehe, nikatamka maneno "kiwanja changu".

"Chako?"

Sisi ni Wamwera. Mimi ndiye niliyehamia kwa mke wangu, na shamba lile mama mkwe alilipata kwa mama yake. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Haya, mkwe wangu. Na hizi ulizozifungia ndani ya waya, umemwekea nani?"

Nilishuka, nikaanza kufungua waya kwa mkono mmoja huku mwingine ukimshikia kikapu. Tulikuwa tumefika nusu ya kizimba pale mbawala alipobweka kule bondeni, katikati ya kunde ambazo jioni hiyo hazikuwa na mlinzi.