Majimaji kwa pointi sita

Majimaji, vita vya watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya mkoloni Mjerumani, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza shule ya msingi, kwa Kiswahili: mganga Kinjikitile, kijiji chake cha Ngarambe, dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na darasa zima kimya maana mwalimu alikuwa anasimulia. Mara ya pili kidato cha tatu, kwa Kiingereza. Mwalimu alimpa kiranja daftari lake lililochakaa, kiranja akaandika ubaoni sababu sita za vita, nasi tukanakili. Tulikariri mpaka makosa yake ya tahajia.

Kwa hiyo mtaala wa 2023 ulipoleta sekondari somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, nilifurahi. Historia ile ya Afrika na dunia imebaki kwa Kiingereza, kwa anayeichagua.

Wanaolitetea somo jipya wana hoja nzito. Mtoto wa shule ya kata, ambaye Kiingereza hukisikia kwa mwalimu tu, muulize kwa nini Wamatumbi waling'oa pamba Julai 1905, vita vikaanza. Jibu analo: mashamba ya lazima, ujira kiduchu, kodi, akida wa Mjerumani na kiboko chake. Asichonacho ni sentensi ya kulibeba. Anafeli Kiingereza, alama inaandikwa Historia.

Wapo wanaolia kwamba Kiingereza kitashuka. Hao nawapita haraka. Kiingereza kina vipindi vyake. Walio na neno la maana ni wale wanaohofia mtoto kufungiwa ndani ya mipaka ya nchi. Pamba ya Umatumbini haieleweki bila viwanda vya nguo vya Ujerumani vilivyochoka kutegemea pamba ya Marekani, wala bila mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Ukimwondolea mwanafunzi huo upande wa pili wa bahari, anabaki na Mjerumani mkatili tu, asiyejulikana alitaka nini.

Kinachonikera mimi ni zile herufi mbili katikati ya jina la somo: "na".

Tuichukue Majimaji hiyohiyo. Kwa jicho la maadili imekaa vizuri: makabila mengi ya kusini yaliungana, mashujaa walikufa, tuige uzalendo wao. Ni kweli. Lakini askari wengi waliowafyatulia risasi walikuwa Waafrika. Wapo watawala wa jadi waliosimama na Wajerumani. Na waliokufa wengi hawakuuawa na bunduki. Waliuawa na njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Makadirio ya vifo yanafika hadi 300,000. Yule askari mweusi tumwite nani? Msaliti, au mtu aliyefuata mshahara, kama wengi wetu? Mwalimu aliyeagizwa kujenga uzalendo amekwisha kujibu kabla darasa halijauliza. Na hapo bado hatujafika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambapo waliohamisha watu, wengine kwa nguvu, ni wenzetu.

Nisiwaonee waliotunga, hata hivyo. Hakuna mtaala usio na maadili ndani yake. Wa mkoloni nao ulifundisha utiifu kwa mfalme wa Uingereza, ila haukuyaandika kwenye jalada. Bora hawa wametamka wanachotaka. Tena mwalimu mzuri anaweza kuligeuza somo hili kuwa mjadala. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama kwenye makumbusho ya Majimaji mjini Songea akaomba msamaha, katika mji ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa Februari 1906. Kichwa cha mmoja wao, Nduna Songea Mbano, bado kinatafutwa. Weka habari hiyo mbele ya kidato cha pili, uliza anayeomba msamaha anaomba kwa niaba ya nani, kisha ukae chini. Kipindi kitaisha kabla ya watoto.

Lakini hilo linahitaji muda, na linahitaji mtihani unaokubali mtoto abishane na swali. Lugha imebadilika, nami naunga mkono. Tabia ya darasani sina hakika nayo.

Juzi nilifungua daftari la mpwa wangu, yuko sekondari. Mwandiko safi, Kiswahili fasaha, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula: Sababu za Vita vya Majimaji. Moja mpaka sita. Nikamuuliza, hiyo pamba yenyewe ilikuwa inakwenda wapi? Akapekua kurasa mbili tatu.

"Mjomba, hiyo hatujaandikiwa."