Nusu Paani, Nusu Bafuni

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile picha, nisikilizeni na mimi mhusika. Jamaa yangu amewaambia nilikuwa uchi juu ya paa. Muongo. Juu ya paa nilikuwa na povu la kutosha, na taulo nilikuwa nalo. Lilikuwa shingoni, lakini nilikuwa nalo.

Gari langu, lile nililoligeuza nyumba ya kusafiria, mnalijua. Tangu nistaafu nimewachosha na picha za mbao, nyaya na mabomba: tangi la maji safi la lita 100, paneli za sola, betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, choo kinachotenganisha haja ndogo na kubwa. Nia ni kwamba mimi na mama watoto tuzunguke tunakotaka bila kumgongea mtu mlango kuomba maji wala soketi. Na kila kitu nimekijenga kwa mikono yangu. (Wewe uliyeandika "inaonekana", nimekuona.)

Siku ya kuwaonyesha watu nikaona maneno hayatoshi. Nikawaambia wageni wasubiri waone bafu linavyofanya kazi, nikaingia, nikajifungia, nikafungulia maji. Nani anaoga mbele ya wageni? Mimi. Tuendelee.

Nikiwa nimejipaka sabuni kuanzia utosini, huko nje ya mlango yalitokea mambo mawili.

La kwanza, jamaa yangu aliivuta droo ya friji. Droo ile ndiyo fahari yangu: reli zake ni za chuma, na ukiivuta mpaka mwisho inajikaza hapohapo isirudi ikakubana vidole. Ili irudi, lazima ubonyeze vilimi viwili kwa mpigo, kimoja kila upande. Na ikiwa imevutwa inasimama mbele kabisa ya mlango wa bafu, ambao unafungukia nje. Naam. Aliyepima ni mimi.

La pili, mama watoto, kwa ukarimu wake, alichomeka birika la umeme awachemshie wageni maji ya chai. Birika la wati 2,000! Kwenye betri ya volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 160, na saketi inayoilinda betri yangu haitoi zaidi ya 100. Ikavumilia sekunde chache, kisha ikakata umeme wa gari zima. Taa zikazima. Pampu ikanyamaza. Maji yakaniacha na povu machoni.

Nikausukuma mlango. Ukagonga droo, ukarudi. Nikapaza sauti, "Jamani, bonyezeni vilimi!" Lakini kuta nilizishindilia sufu ya kuzuia joto na kelele, safu mbili, na sasa nina ushahidi kwamba inafanya kazi. Jamaa yangu, ambaye hajui kunong'ona, nikamsikia akitafsiri, "Shemeji, anasema ulimi. Mzee kajiuma ulimi."

Hapo ndipo nilipotazama juu. Kuna kidirisha cha paa, sentimita 40 kwa 40, nilichokitoboa ili mvuke upate pa kutokea. Nikajiambia, kama mvuke unatoka, na mimi natoka.

Nikapanda juu ya choo. Mikono ikatangulia, kichwa kikafuata, mabega yakapita kwa kuviziana, moja baada ya jingine. Nikaliona jua. Nikaziona paneli zangu zinavyong'aa, nikajisifu kidogo. Halafu tumbo likafika. Tumbo sikulipima. Tena povu lilishaanza kukauka, na sabuni ikikauka inanata. Nikivuta pumzi ili nipande, nakwama. Nikiitoa ili nishuke, nakwama. Nimeziba pale kama kizibo, miguu inapapasa choo chini na hakionekani. Nikakumbuka taulo. Nikataka kulipitisha huko chini likafanye kazi yake, ila litapita wapi, tundu lote limejaa mimi!

Jamaa yangu akatoka nje, akaniona. "Mzee, unafanya nini huko?"

Nikamjibu nakagua paneli.

Akatoa simu. Ndiyo hiyo picha mnayorushiana.

Mngejua picha ni nafuu. Kule ndani nikasikia kisauti cha mjukuu wake, "Hivi vya nini?" Kisha klik. Mlio ule naufahamu, ni vilimi viwili kwa mpigo. Droo ikateleza ikarudi mahali pake. Nikajua kinachofuata, na sikuwa na la kufanya. Mlango wa bafu ukafunguka, tena polepole, bawaba zikilia njia nzima. Nilikuwa nimepanga kuzitia grisi. Upepo ukaingia. Niliuhisi kila mahali ambapo mtu hapaswi kuhisi upepo hadharani, na huku juu, kutoka paani, nawatazama wageni wengine wawili walio nje wakinipungia mkono.

Kimya.

"Mtoto, nenda nje," akasema mama watoto.

Kimya tena. Halafu sauti ya mke wa jamaa yangu, ya chini, ya mtu anayetaka uhakika, "Ni yeye kweli?"

Mama watoto akachukua muda wake. Narudia, akachukua muda wake. "Ni yeye."

Kumbe kuna mwenye akili alikuwa amelichomoa birika. Saketi ikajirudisha, taa zikawaka, pampu ikanguruma. Na mimi bomba nilikuwa sijalifunga. Maji ya baridi yakanishukia kiunoni kwa nguvu zote, nikapiga ukelele uliosikika hata kupitia sufu, povu likalainika, na mimi huyo, shwaa, nikarudi chini. Nikatua juu ya choo. Kifuniko hakikunihimili, na zaidi ya hapo sitasema.

Basi. Nikavaa, nikaaga wageni ambao hawakuniangalia usoni, nikapaka dawa michubuko. Birika sasa ni la kuweka kwenye jiko la gesi. Vilimi vimepakwa rangi nyekundu, na mlango wa bafu nimeufanya wa kuteleza pembeni. Safari iko palepale. Mama watoto anakuja, ila ametoa sharti moja: kila tutakapolala, yeye ndiye ataanza kuoga.