Wanaosikiliza watoto wetu, nao nani anawasikiliza?

Kesi ya mtoto aliyefanyiwa ukatili hupita mikononi mwa watu wengi: askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, daktari anayejaza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), hakimu. Anayebaki na mtoto muda wote huo ni afisa ustawi wa jamii. Ndiye anayemtafutia mlezi wa kuaminika, ndiye anayeandika taarifa ya uchunguzi kwa ajili ya mahakama. Jioni anarudi kwa wanawe akiwa na maneno asiyoruhusiwa kumwambia mtu.

Na kesi si haba. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Tukimkuta afisa anayejibu kwa mkato, anayejaza fomu bila hata kumtazama mtoto, tunasema ana roho ngumu. Siamini hivyo. Wengi wao wameumia mno, na ukali ndiyo ngao iliyobaki. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 unakubali kwamba askari anayesikia tena na tena undani wa mateso ya watoto anaweza kupata kiwewe, ingawa hakuwepo tukio lilipotokea. Sioni kwa nini afisa ustawi awe tofauti.

Kwetu dawa ni neno moja: jikaze. Au aombe Mungu. Sala naiheshimu, lakini haimwondolei mtu mzigo wa kata nzima anaoubeba peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa serikali za mitaa jukumu la kulinda watoto, kwa hiyo afya ya wanaoifanya kazi hiyo ni deni la halmashauri, si hiari ya mtu binafsi.

Waziwekee bajeti saa za ushauri nasaha, kama wanavyoweka mafuta ya gari. Mshauri awe mtu wa nje ya ofisi. Hakuna atakayelia mbele ya bosi anayemjazia tathmini ya utendaji. Kesi nzito maafisa wapokezane. Na afisa aliyetoka kumzika mtoto aliyekuwa akimfuatilia asipewe jalada jingine kesho yake asubuhi.