Gia ya cherehani ya mama si feki

Cherehani ya umeme ya mama ilisimama katikati ya mshono wa sketi ya sare, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Tulipoifungua tukakuta gia ndogo ya plastiki, haizidi kizibo cha soda, imekatika meno mawili. Duka lililotuuzia likasema gia hiyo haiuzwi peke yake, tununue mashine nyingine.

Mota nzima, chuma kizima, vitupwe kwa meno mawili!

Mtaani kwetu kuna kijana ana printa ya 3D sebuleni. Aliipima gia kwa venia, kile kipimo cha kubana chenye kusoma hadi sehemu ndogo za milimita, akaichora upya kwenye kompyuta pamoja na yale meno yaliyokatika, kisha mashine ikaanza kuyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Gia ya kwanza ilikuwa ya PLA, plastiki ambayo hulainika joto likikaribia nyuzi 60. Kwa moto wa mota ilipinda siku ya pili tu. Akachapa nyingine kwa nailoni, na hiyo ndiyo inayoshona mpaka leo.

Je, tumeiba? Nasema hapana, na sipepesi macho.

Zamani swali hili liliwahusu wenye viwanda tu. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap na kugawa michoro ya printa bure. Mwaka 2009 hataza kuu ya kampuni ya Stratasys ya Marekani, yaani haki iliyowazuia wengine kuunda printa za aina hiyo, ikaisha muda, na bei ya printa ikaporomoka kutoka maelfu ya dola hadi mia chache. Hapa Dar es Salaam, wabunifu wa karakana ya STICLab waliunda printa zao kwa mabaki ya vifaa vya kielektroniki.

Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia kwa kukagua makontena bandarini. Faili la gia halipandi meli, linatumwa kwa WhatsApp. Ndiyo maana nahofia siku watakapotokea wa kudai kila faili la namna hii lipigwe marufuku, fundi na tapeli watiwe kapu moja. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inamlinda mnunuzi asidanganywe kwa alama. Gia ya mama haina nembo ya mtu na haijamdanganya yeyote. Anayechapa kifaa akakigonga jina la kampuni ili akiuze kama halisi, huyo abanwe, tena mapema, maana printa zikishuka bei atakuwa na wenzake wengi.

Mafundi wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, wanakereza bushi, vile vipete vya kuzuia vyuma visisagane, kwa kufuata sampuli miaka nenda miaka rudi, na sijasikia mtu akiwaita wezi. Printa imeongeza mikono tu.

Kinachoninyima raha ni vipuri vinavyobeba roho za watu. Nikiwa pale pale sebuleni aliingia dereva wa bodaboda na mkono wa breki uliovunjika, akataka achapiwe mwingine siku hiyo hiyo. Kijana akaugeuza mara mbili, akamrudishia.

“Kaka, huu siuchapi. Nenda kanunue wa chuma. Ukikatika una abiria nyuma, nitamjibu nini mama yake?”