Fimbo Nyepesi kwa Anayeanza: Hofu ya Samaki Mkubwa Imepewa Nafasi Kubwa Mno

Mtu anayetaka kuanza kuvua kwa chambo bandia akiwa amesimama ukingoni, iwe Mtwapa, Tanga au Msasani, karibu kila mara hupewa ushauri wa namna moja: nunua fimbo ngumu, maana bahari ina samaki wakubwa na hujui atakayekula leo ni yupi. Wapo wachache wanaoshauri kinyume, kwamba aanze na fimbo nyepesi ya mita 2 na kidogo, iliyoandikwa juu ya kishikio kuwa inarusha gramu 3 hadi 15, au 5 hadi 20, nao huonekana kama watu wanaopendekeza kitu cha kuchezea watoto. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naamini kwamba hawa wachache hawajaeleweka.

Ushauri wa fimbo ngumu haukuzuka hivi hivi. Picha ya fimbo ya kuvulia katika pwani yetu ilitoka kwenye boti za Malindi, Watamu na Shimoni, ambako wageni hukokota chambo nyuma ya injini wakimtafuta nduwaro au jodari kwa fimbo nene zinazoegemezwa kitini. Isitoshe, anayenunua fimbo moja tu, kwa fedha alizozikusanya miezi kadhaa, ana haki ya kutaka imtumikie kila mahali: leo arushe kipande cha ngisi chenye chubwi ya gramu 60 kwenye mawimbi ya kusi, kesho arushe chambo bandia ndani ya hori. Fimbo ya nyuzi za kioo, hasa ile inayochomolewa kama antena ya redio, hufungwa kwenye bodaboda bila shida na huvumilia kuangushwa juu ya mawe. Hoja hizi ni za kweli, na mtu ambaye uvuvi wake utakuwa wa ngisi na chubwi nzito aifuate njia hiyo bila wasiwasi.

Swali letu, hata hivyo, ni la mtu aliyekwisha kuamua kwamba atavua kwa chambo bandia chepesi: samaki wa mpira mwenye kichwa cha risasi, kijiko cha bati, au kisamaki cha plastiki cha urefu wa kidole. Vyambo vya aina hii kwa kawaida huwa na gramu 5 hadi 12, na samaki wanaovifuata ndani ya hori na kando ya mikoko ni kolekole wadogo, mzia wa urefu wa mkono, changu, na chewa ambao hawajakua. Kwa kazi hiyo, fimbo ngumu humshinda anayeanza kabla samaki yeyote hajaiona ndoana.

Nililiona jambo hili kwa karibu ukingoni mwa hori la Mtwapa, maji yalipokuwa yanaanza kujaa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja na fimbo ya kuchomoa ya mita 3, iliyoandikwa gramu 40 hadi 80, na mwishoni mwa mshipi alikuwa amefunga samaki wa mpira wa gramu 7. Aliinua, akarusha kwa nguvu zake zote, na chambo kikaanguka hatua chache mbele ya miguu yake. Alirusha tena kwa nguvu zaidi. Safari hii mshipi ulitoka kwenye rili, lile gurudumu dogo la kukunjia mshipi, kwa kishindo, ukafumana, akakaa chini kuufumua huku maji yakimpanda vifundoni. Mikono yake haikuwa na kosa. Fimbo hurusha kwa kupinda kwanza, kuuhifadhi msukumo ndani ya mpindo huo, kisha kunyooka na kuupeleka mbele, na fimbo iliyoundwa ipindwe na gramu 40 haitambui kama kuna gramu 7 zilizoning’inia kwenye ncha yake. Nilimpa fimbo yangu ya mita 2.1, chambo kile kile, na kwa mrusho wa taratibu kikafika kwenye ukingo wa maji ya bluu aliokuwa akiulenga asubuhi nzima.

Anayetetea fimbo ngumu atakubali haya yote, kisha atasema: sawa, lakini akila mkubwa? Hofu hiyo ndiyo inayouza fimbo nyingi nzito, na imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi kwamba nguvu ya kumshika samaki inakaa katika fimbo. Nguvu hiyo inakaa katika mshipi na katika breki ya rili, yaani ile skrubu inayoruhusu mshipi kutoka samaki anapovuta kupita kiasi ulichoweka. Mshipi wa kusokotwa wa namba 1 kwa kipimo cha Kijapani una unene wa takriban milimita 0.165 na kwa kawaida hustahimili kilo 7 au 8, na wavuvi wenye uzoefu huweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi wao, kwa hiyo tunazungumzia kilo 2 hivi. Kolekole aliyeshika ndoana anavuta dhidi ya kilo hizo 2, awe anavuliwa kwa fimbo laini au kwa fimbo ngumu kama upondo. Hata IGFA, chama cha kimataifa cha wavuvi wa burudani kilichoanzishwa mwaka 1939, hupanga madaraja ya rekodi zake kwa nguvu ya mshipi, kuanzia mshipi wa kilo 1, wala hakina madaraja ya ugumu wa fimbo.

Kuna jambo la pili ambalo nadhani likieleweka hofu hii itapungua sana. Fimbo ni wenzo, na ni wenzo unaomsaidia samaki dhidi ya mvuvi. Chukua fimbo ya mita 2.1, kitako chake kikiwa kwenye kiwiko na mkono ukiwa kwenye rili, sentimita 35 mbele ya kitako. Ncha ikivutwa kwa kilo 2 huku fimbo ikiwa imenyooka na mshipi ukivuta kwa pembe mraba, mkono huo unabeba kilo 12. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye misuli huchoka ndani ya dakika chache na kushangaa, akijua kwamba angeweza kumbeba samaki yule kwa vidole viwili. Sasa chukua fimbo laini ya urefu ule ule, ambayo kwa kilo hizo hizo 2 imepinda hadi umbali kutoka kitako mpaka mstari wa mvuto umebaki nusu: mkono unabeba kilo 6. Samaki bado anavuta kilo 2 zile zile za breki, hakupewa nafuu hata ya gramu moja, lakini mvuvi amepunguziwa mzigo kwa nusu. Ule mpindo ambao wanaotazama hudhani ni dalili ya fimbo kushindwa ndio unaompumzisha mvuvi, na juu ya hayo humeza mishtuko ya kichwa cha samaki, ambayo kwenye fimbo ngumu hupanua tundu la ndoana mpaka ndoana inachomoka. Asiyeamini hesabu hii ajaze maji chupa ya lita 2, aifunge kwenye mshipi, na ajaribu kuinyanyua kutoka sakafuni kwa fimbo ngumu ya jirani yake.

Na hapa wazee wetu wa mshipi wa mkono wangetuelewa haraka kuliko wauzaji. Mvuvi aliyekaa kwenye ngalawa na mshipi umepita juu ya kidole cha shahada hana fimbo yoyote, na bado hupandisha changu na chewa wazito, kwa sababu anajua wakati wa kumwachia samaki mshipi na wakati wa kuurudisha. Breki ya rili ni kile kidole chake. Anajua pia, kwa kidole hicho hicho, samaki anapogusa tu bila kula, na chubwi inapokokota mchanga au kukwaruza jiwe. Fimbo nyepesi ya kaboni humpa anayeanza sehemu ya ujuzi huo: chambo kinapogonga mwamba husikia mkononi, nyasi zinapokishika husikia, na kwa kusikia hivyo anajifunza sakafu ya hori asiyoweza kuiona. Fimbo nzito humnyima masomo hayo katika miezi ile ambayo anayahitaji zaidi.

Kuna mahali ambapo wapinzani wako sahihi. Chewa mwenye kilo kadhaa akila kando ya mwamba, hukimbilia pangoni mara moja, na wa kumzuia lazima awe na mshipi mnene, breki iliyokazwa na fimbo inayoweza kubeba vyote hivyo. Anayevua kwenye miamba ya nje kwa fimbo ya gramu 3 hadi 15 atapoteza samaki, na mbaya zaidi, atawaacha na ndoana mdomoni. Vilevile samaki anayevutwa kwa muda mrefu mno kwa mshipi dhaifu huchoka kiasi kwamba ukimrudisha majini huenda asiishi. Kwa sababu hizo siungi mkono fimbo nyepesi kupindukia, zile za gramu 1 hadi 5, kwa mtu wa pwani anayeanza: upepo wa kusi utamrudishia chambo usoni. Kaboni nayo ina udhaifu wake. Huvunjika kwa kugongwa, na huvunjika fimbo ikisimamishwa wima juu ya kichwa samaki akiwa karibu, kwani mzigo wote huangukia ncha. Haya hufundishika kwa siku moja, hasa hili: chambo kikinasa kwenye jiwe, elekeza fimbo moja kwa moja kwenye mshipi na uvute kwa mkono uliofungwa kitambaa, fimbo isihusike.

Kwa hiyo anayeniuliza namwambia atafute fimbo ya vipande viwili, mita 2.1 hivi, gramu 5 hadi 20, na rili iliyoandikwa namba 2500, ambayo ni namba ya ukubwa wake. Asidanganywe na asilimia ya kaboni iliyochapishwa kwa herufi kubwa, kwa sababu haisemi lolote kuhusu ubora wa nyuzi zenyewe. Dukani apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wa kusokotwa kidogo kidogo mpaka siku ukatike. Aviunganishe vipande viwili, aitikise fimbo, asikilize kama kiungo kinagonga. Na kama maduka ya mji wake yana fimbo za kuchomoa tu, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani yetu, achague iliyo fupi na yenye gramu za chini kabisa kuliko zote, aisuuze kwa maji ya bomba kila arudipo ili chumvi na mchanga visigande kwenye viungo, na avue nayo bila haya mpaka apate nyingine.